Kucheza kwa Masikio

Wateja wangu wakija kupimwa nguo nyumbani kwangu mtaa wa Bakoba, Bukoba mjini, huona kwenye rafu, juu ya vitambaa, mashine za gemu za zamani na kaseti zake, nao hudhani ni vitu vya watoto. Nawaambia ni vyangu. Wanawake wa umri wangu hucheka. Wanaume hawaamini kabisa. Mimi ni fundi cherehani, mama wa binti mmoja aliye sekondari, na nimecheza gemu tangu nikiwa msichana wa shule ya msingi huko Nshamba. Nina maoni yangu kuhusu gemu za zamani na za siku hizi, na wanaonifahamu wanajua kwamba ukinianzishia habari hiyo huondoki mapema. Lakini miaka hii ya karibuni siwezi kuyasema maoni hayo bila kumsema kaka yangu.

Mashine ya kwanza aliinunua yeye. Alinitangulia kwa miaka michache, na msimu mmoja wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, alikesha akikamata na kuuza mpaka akapata alichokuwa anakitaka. Aliifuata Bukoba mjini akarudi nayo imefungwa ndani ya kanga ya mama, kama mtu aliyebeba mayai. Tata, yaani baba yetu, alikuwa na televisheni ya kichogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kazi yake ilikuwa taarifa ya habari tu. Kaka alichomoa waya wa antena, akachomeka wa mashine, akaanza kutafuta stesheni. Zilikuja chenga, zikaja chenga nyingine, halafu ghafla kioo chote kikawa cha bluu na muziki ukaanza kulia.

“Hicho kitu kitaua televisheni yangu,” tata alisema akiwa mlangoni.

“Hakiui, tata.”

“Kikiua, wewe ndiye utakayetusomea habari.”

Alituruhusu Jumapili baada ya misa, mpaka saa ya mama kuwasha moto. Kaseti ilikuwa moja tu. Jina lake liliandikwa kwa maandishi ambayo hakuna mtu Nshamba aliyeweza kuyasoma, kwa hiyo tukaiita Mkimbiaji, kwa sababu ndani yake kulikuwa na mtu mdogo, mwekundu, anayekimbia kutoka kushoto kwenda kulia, akiruka mashimo na kuta, akiinama ndege wasimpige kichwani. Ilichezwa kwa zamu: ukifa, mwenzako anashika. Pedi za kuchezea, zile za kushika mkononi, zilikuwa mbili, na ya pili haikuwa na kitufe cha kuanzia. Hicho kilikuwa kwenye pedi ya kwanza peke yake, na pedi ya kwanza ilikuwa ya kaka. Sikuwahi kuanzisha gemu mpaka siku alipokwenda shule ya bweni.

Na haikuwa na kuhifadhi. Ukiishiwa roho zako unarudishwa mwanzo kabisa, kwenye ukuta wa kwanza na shimo la kwanza. Hili ndilo jambo ambalo binti yangu hawezi kulielewa. Katika gemu zake za sasa, mashine inakumbuka kila kitu kwa niaba yako. Ukianguka unarudi hatua mbili nyuma, unajaribu tena, unapita, unasahau. Sisi tulirudi mwanzo mara nyingi mno hata zile hatua za kwanza zikaacha kuwa mchezo. Zilikuwa njia, kama njia ya kutoka nyumbani kwenda kisimani, ambayo mguu unajua jiwe lilipo kabla ya jicho. Nilipokuwa msichana niliona huo ni ukatili wa waliotengeneza gemu. Sasa sioni hivyo.

Kaka alikua akawa dereva wa lori. Alibeba kahawa kutoka vijiji vya Muleba kwenda Bukoba, na ndizi wakati usio wa kahawa. Hakuoa mapema, na alipooa ndoa haikudumu, na mke wake alirudi kwao bila ugomvi mkubwa. Kila alipoleta mzigo mjini alipitia kwangu. Alikula, akavua viatu, akaketi sakafuni mbele ya televisheni. Wakati huo baba wa binti yangu alikuwa amemnunulia mtoto mashine ya kisasa, na kaka aliipenda, hasa gemu ya mpira. Tulibishana sana.

“Wewe umekwama,” alikuwa akiniambia. “Tazama nyasi hizo. Tazama jasho la mchezaji!”

“Jasho la mchezaji linanisaidia nini? Nimesubiri ipakue nusu siku.”

“Uzuri husubiriwa, mdogo wangu.”

Sikuwa nabisha kwa ubishi tu. Mashine mpya inakutaka uwe na bando, uwe na akaunti, ukubali masharti usiyoyasoma, halafu ikukutanishe na mtu usiyemjua aliye nchi nyingine, akufunge mabao na kuondoka bila hata kukuaga. Mimi nimezoea kumfunga mtu ninayemgusa bega. Lakini nakiri kwamba kaka alipocheza mpira ule, akatoa pasi ndefu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, hata mimi niliacha kushona nikatazama.

Katika gemu hiyohiyo ndipo nilipoona kwamba kuna kitu hakiko sawa. Alitoa pasi kwa mchezaji wa pembeni, halafu akauliza, “Yuko wapi?” Mchezaji alikuwa pale pale, mwishoni mwa kioo, na mpira mguuni. Kaka aligeuza kichwa kidogo, akakirudisha, kama kuku anayetafuta punje. Alimpata kwa kuchelewa. Baada ya muda akauliza tena, “Yuko wapi huyu?”

Niliweka nguo chini. “Kaka, unaona hapa?” Niliinua mkono wangu kando ya uso wake.

“Wapi?”

“Hapa.”

“Sijui unasema wapi,” alisema, na pedi ikakaa kimya mapajani mwake.

Juma lililofuata nilimpeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, alimtia dawa machoni, akamulika, akampima kwa muda mrefu. Alitueleza kwamba ni presha ya macho, kwamba inakula nuru ya pembeni kwanza ndiyo maana mtu hashtuki, na kwamba iliyokwisha kuliwa hairudi. Alimpa matone ya kutunza iliyobaki. Kaka alisikiliza akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Aliuliza swali moja tu, kama anaweza kuendesha. Daktari alimtazama, akasema, “Wewe mwenyewe unaonaje?”

Aliendesha tena siku chache. Halafu asubuhi moja alinipigia simu akiniomba nimsindikize kwa mwenye lori, Muleba. Nilidhani anataka kuomba ruhusa ya matibabu. Mwenye lori alikuwa mzee wa heshima aliyempenda kaka kwa sababu hakuwahi kumharibia gari. Alitukaribisha, akaagiza chai. Kaka hakugusa kikombe. Alitoa funguo mfukoni akaziweka mezani.

“Mzee, naomba uzipokee.”

“Kuna nini? Kuna mtu kakuudhi?”

“Hapana, waitu, mzee wangu. Jana nilimwona mama mwenye mtoto mgongoni, kando ya barabara. Nilimwona baada ya kumpita.”

Hakuna aliyeguswa siku hiyo, mama yule pengine alifika kwake akapika na hakujua lolote. Lakini kaka alikuwa amekwisha kuamua. Mzee alizichukua funguo, akasimama, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema neno moja la Kihaya ambalo kwetu hutumika kushukuru na kuheshimu: “Kasinge.” Tulipotoka nje, kaka alilipitia lori lake kwa kiganja kutoka mbele hadi nyuma, kisha tukaondoka.

Matone yalisaidia kwa muda, kisha yakashindwa. Giza halikuja kwa mara moja. Liliingia kutoka pembeni, mwaka hadi mwaka, mpaka akabaki na kitundu cha mwanga katikati, halafu hata hicho kikaondoka. Alikuwa amerudi Nshamba, kwenye kibanja cha wazazi wetu, shamba letu la nyumbani la migomba na kahawa, kwa mama. Tata alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa na nguvu bado. Alipalilia migomba mwenyewe, akachuma kahawa, akapika. Lakini aliniambia kwa simu kwamba mwanawe amegeuka mgeni ndani ya nyumba. Hatoki chumbani mpaka aitwe. Wageni wakija anajifanya amelala. Rafiki zake madereva walimtembelea mwanzoni, wakaketi sebuleni na mama, wakaondoka bila kumwona.

Nilikuwa nakwenda kila Jumamosi niliyoweza. Namkuta ameketi kitandani, amevaa vizuri, amechana nywele, kama mtu anayesubiri gari. Tunasalimiana. Namweleza habari za mjini. Ananijibu kwa adabu. Hiyo adabu ndiyo iliyoniumiza, kwa maana kaka yangu hakuwahi kuwa na adabu kwangu maisha yake yote.

Binti yangu ndiye aliyeniambia kwamba gemu za siku hizi zina msaada kwa wasioona. Sikumwamini. Akanionyesha: unaingia kwenye mipangilio, unawasha sauti, na mashine inakusomea kila kitu kilichoandikwa. Kulikuwa na gemu ya ngumi ambayo, ukivaa vifaa vya masikioni, unasikia adui yupo kushoto au kulia, karibu au mbali, anaruka au anainama. Nilikaa nayo nikiwa nimefumba macho, nikapigwa vibaya, lakini nilielewa. Lazima niseme hapa, mimi ninayezisema vibaya gemu mpya, kwamba aliyefikiria kitu hicho alifikiria mtu kama kaka yangu akiwa mbali sana naye, na nilimshukuru.

Tulibeba mashine mpaka Nshamba. Kaka alikubali kwa sababu ya mpwa wake, si kwa ajili yangu. Sauti ya Kiingereza ilimsomea orodha, naye akaanza kujifunza: chini mara moja, chini tena, kulia, bonyeza. Alipopiga ngumi ya kwanza ikampata mtu, akasema, “Ahaa.” Sikuwa nimelisikia neno hilo kutoka kwake kwa muda mrefu. Tuliiacha mashine huko. Juma zima mama alinipigia akisema kuna vita ndani ya nyumba.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta ameketi, pedi iko sakafuni.

“Imekuwaje?”

“Iliomba kitu, nikabonyeza ndiyo. Ilikula bando lote ulilonitumia. Ilipomaliza, haikuwa ileile.”

Nilitazama. Gemu ilikuwa imejisasisha. Ilikuwa nzuri zaidi, kwa mtu anayeona. Orodha ambayo zamani ilishuka chini sasa ilienda pembeni, kulikuwa na vyumba vipya na matangazo, na ile sauti ya kusoma ilikuwa imezimika. Ili uiwashe, ilibidi uione ilipo.

“Wamehamisha milango,” kaka alisema. “Nilikuwa nimeshajua nyumba yote, wakaja wakahamisha milango.”

Niliirekebisha. Nikamfundisha upya. Alinisikiliza kwa ile adabu yake, na nilijua hatacheza tena, nikaibeba mashine kumrudishia binti yangu.

Nikiwa njiani kurudi Bukoba niliwaza jambo ambalo sijui kwa nini sikuliwaza mapema. Mkimbiaji haijawahi kuhamisha mlango. Shimo la kwanza liko pale lilipokuwa wakati tata yuko hai. Hakuna mtu popote duniani anayeweza kulisogeza, maana limechomwa ndani ya kaseti na kaseti iko juu ya rafu yangu. Wapenzi wengi wa gemu za zamani husema wanapenda rangi zake au muziki wake, na wengine wanapenda tu utoto wao. Mimi siku hiyo nilijua ninachokipenda. Ni kitu kilichokwisha. Aliyekitengeneza alifika mahali akasema basi, akaondoa mkono.

Nilipofika nilifungua ile mashine ya kaka ya zamani, nikasafisha meno yake ya kupokelea kaseti kwa spiriti na kitambaa laini. Watu wengi hupuliza kaseti kwa mdomo. Msifanye hivyo, mate hula chuma. Nikaijaribu kwangu, ikawaka. Jumamosi nikaenda nayo.

Sikumwambia kitu. Niliichomeka kwenye televisheni ya mama, ile bapa ambayo kaka mwenyewe alimnunulia alipokuwa dereva, nikawasha. Muziki wa kufungulia ukalia sebuleni. Nikasikia kitanda kikilia chumbani, kisha hatua, kisha akawa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

“Hiyo umeitoa wapi?”

“Ilikuwa kwangu siku zote.”

Alikuja akaketi sakafuni mahali pake pa zamani. Akanyoosha mkono. Nilimpa pedi, akaipapasa, akanirudishia. “Hii ni ya pili. Lete yangu.”

Alibonyeza kuanza. Akakimbia, akaruka, akaanguka kwenye shimo la kwanza. Alijaribu tena, akaanguka palepale. Mara ya tatu uso wake ulibadilika, nikaogopa kwamba nimemfanyia ukatili. Lakini hakuitupa pedi. Aliinamisha kichwa akasikiliza, akabonyeza kitufe cha kuruka, akasikiliza tena.

“Inachelewa,” alisema.

“Nini inachelewa?”

“Sauti. Nikibonyeza, inakuja baadaye. Si sana. Kidogo tu.”

Nilijaribu mwenyewe, sikusikia tofauti yoyote. Lakini nimekaa na mambo haya miaka mingi, nikajua anasema kweli. Televisheni bapa hupokea picha na sauti ya mashine ya zamani, ikazikokotoa kwanza ndani yake, ndipo ikazitoa. Kwa mtu anayeona, jicho hufidia kuchelewa huko. Yeye hakuwa na cha kufidia. Aliruka pale vidole vilipokumbuka kuruka, na dunia ikamfuata ikiwa imechelewa.

Nilizunguka mafundi wa Bukoba nikitafuta televisheni ya kichogo. Walinicheka. Mmoja alinionyesha alizozivunja kwa ajili ya shaba. Mwishowe niliipata kwa mama mmoja wa Kiislamu, jirani yangu, aliyekuwa ameifanya meza ya kuwekea Msahafu na udi. Nilipomweleza ya nini, aliondoa vitu vyake taratibu, akaifuta vumbi, akasema, “Chukua, dada. Meza nitapata nyingine.” Hakutaka kitu.

Siku tulipoiwasha Nshamba, mama alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Chenga zikaja, nikatafuta stesheni, muziki ukalia. Kaka alishika pedi. Ukuta wa kwanza akauruka. Shimo la kwanza akaliruka. Alikuwa haangalii kioo, uso wake umeelekea dirishani, na midomo yake ilikuwa ikihesabu na muziki bila kutoa sauti. Ndege akaja, akainama. Shimo la pili, la tatu, ngazi. Mtu mdogo mwekundu alifika kwenye bendera ya mwisho wa hatua, na ule mlio wa ushindi ukapigwa.

“Yamawe!” mama alishangaa, kisu mkononi. “Unaona?”

“Sioni, mama. Nakumbuka.”

Tulicheza mpaka chakula kikawa tayari. Mimi mwenye macho mawili nilikufa kabla yake kila zamu, naye alinitukana kama zamani. Niliyapokea yale matusi kwa moyo wote.

Hatua ya kwanza aliimudu, na ya pili. Ya tatu ilikuwa na ubao unaotembea juu ya maji, unakwenda na kurudi, na mwendo wake haufuati muziki. Hapo alihitaji mtu wa kumwambia aruke lini. Nikiwapo, nilimwambia mimi. Nisipokuwapo alikwama, na nilidhani ameridhika na hatua mbili.

Jumamosi moja nilifika bila kupiga simu. Nikiwa bado uani nilisikia sauti ya mama ndani, kali, kama anafukuza mbuzi kwenye maharage: “Linda! Linda! Mbwenu!” Kwa Kihaya linda ni subiri, na mbwenu ni sasa hivi. Nilichungulia dirishani. Mama yangu, ambaye tangu tulipokuwa watoto hakuwahi kukitazama kitu kile zaidi ya kutuuliza kama tumekwisha kuteka maji, alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo karibu kabisa na kioo, miwani puani, mikono mapajani, akitazama ubao ukija. Alisema mbwenu, kaka akaruka, akatua juu yake. Mama akapiga makofi mara moja tu, akaendelea kutazama.

Hawakujua nipo. Nilisimama uani mpaka walipoanguka.

Mambo mengine yalifuata, na siwezi kusema yote yalitokana na gemu. Kaka alianza kutoka. Kwanza uani, kuanika kahawa na kuigeuza kwa miguu. Baadaye kwenye kibanja pamoja na mama, akishika bega lake, kisha bila kushika. Wale madereva walipokuja aliwakaribisha sebuleni, na mmoja wao, mtu mzima mwenye wajukuu, alishindwa vibaya kwenye hatua ya kwanza, akaondoka akisema televisheni ndiyo mbovu. Binti yangu alijaribu pia. Alisema gemu hii haina huruma. Kaka akamwambia, “Haina, lakini haidanganyi.” Sijui kama alikubali.

Mama aliugua wakati wa mvua za masika. Ilianza kikohozi, ikawa kifua, tukampeleka hospitali, na nilipokuwa bado nafikiria nitamletea nini cha kula akitoka, akafariki. Alikuwa mzee, watu walituambia hivyo kututuliza. Tulimzika kwenye kibanja, kando ya tata. Kaka alisimama kaburini mkono wake begani mwangu, mvua inatunyea sote wawili. Hakulia mbele ya watu. Udongo ulipoanza kuanguka juu ya sanduku aligeuza sikio upande huo, akabaki hivyo mpaka mwisho.

Ndugu walikaa kikao. Baba mdogo alipendekeza kaka aje kukaa kwangu Bakoba, kibanja kikodishwe. Nilikuwa tayari. Kaka aliwashukuru wote, akasema atabaki. Tukapata binamu yetu, mwanamke mjane wa Buganguzi, akahamia pale kupika na kusaidia kazi za shamba, na hadi leo wanaelewana.

Nilipokwenda baada ya matanga kwisha, niliwasha Mkimbiaji nikidhani nampa faraja. Kaka aliketi akachukua pedi yake. Alipita hatua ya kwanza, akapita ya pili. Muziki wa hatua ya tatu ulipoanza aliacha kubonyeza. Yule mtu mdogo alisimama kando ya maji, ubao ukaja ukaenda, ukaja ukaenda.

“Nikuambie?” nilimuuliza.

“Hapana.”

“Niwe nahesabu tu polepole?”

“Zima, mdogo wangu. Tafadhali.”

Nilizima. Mvua ilikuwa inapiga bati. Halafu akasema, “Ni vilevile kabisa. Muziki ni uleule, maji ni yaleyale. Haijui kwamba amekufa.”

Nilikuwa nimeisifu gemu ile kwa watu wengi, kwamba haibadiliki, na nilikuwa nimesema kweli. Sikuwa nimefikiria kwamba siku itafika mtu atahitaji kitu kinachobadilika.

Hatukuiondoa. Iko sebuleni Nshamba, imefunikwa kitambaa. Yapata mwaka sasa. Safari kadhaa nilimkuta hataki mchezo wowote, tukaongea habari za mama. Kisha mwezi uliopita alinipigia simu katikati ya juma, nikiwa na sare za shule za watu mezani, akaniuliza kama binti yangu bado anaitumia ile mashine yake mpya.

“Anaitumia. Kwa nini?”

“Nasikia kuna gemu ya mbio za magari ambayo asiyeona anaweza kucheza. Kona inakuambia inakuja.”

“Ipo. Lakini inataka bando kubwa. Na watabadilisha orodha tena, unajua.”

“Najua,” alisema. “Watabadilisha, nami nitajifunza. Lete tu.”

Binti alikubali kumwazima mjomba wake mpaka likizo. Nilinunua bando, nikaiacha ipakue siku nzima huku nikishona, na safari hii sikulalamika hata mara moja. Jumamosi tuliichomeka kwenye televisheni bapa. Ile sauti ya Kiingereza ikaanza kumsomea majina ya magari, naye akaniuliza maana ya kila neno asilolijua. Alichagua lori. Nikamwambia kwenye gemu hii lori ni zito, linashindwa kona. Akasema hilo halimpi shida, analijua lori. Alivaa vifaa vya masikioni, akaketi wima kama mtu aliyefunga mkanda, akaondoka, na kwenye kona ya kwanza akaingia moja kwa moja ukutani.

“Kushoto au kulia?” aliniuliza.

“Kushoto.”

“Basi anzisha tena. Usiniambie kona nyingine.”